Anayefuta Mikono Kabla

Fundi umeme hufuta mikono kabla hajagusa gari, kidole kimoja kimoja, kama anayekwenda kupokea mtoto mchanga. Fundi injini, anayetumia naye gereji moja, hukerwa na ufutaji huo kila siku, na leo unamchoma zaidi. Ni yeye, fundi injini, aliyehamisha betri ya teksi ya mama anayesubiri pembeni kutoka mbele kuipeleka kwenye buti, na tangu hapo gari limekuwa maiti: si taa, si honi, si redio. Kabadilisha fyuzi, kaazima betri nyingine, wapi. Mwenzake anainamia buti na kuguna ule mguno wake wa chini, na mama mwenye teksi anatulia papo hapo. Yeye akiguna, watu humuuliza kama anaumwa. Anajikuta akiomba gari lisiwake, ingawa aibu itakuwa yake.

Fundi umeme anafungua nati ambayo mwenzake aliitumia kushikiza waya wa hasi wa betri kwenye bati la gari. Chini yake kuna rangi, na umeme haupiti kwenye rangi. Hilo hata fundi injini analijua. Anaikwangua mpaka bati ling'ae, anakaza, na taa zote zinawaka.

"Ilikuwa nini?" mama anauliza.

"Kutu kidogo tu, mama. Kazi yote alishaimaliza mwenzangu."

Anasema hivyo bila kumtazama mtu. Fundi injini alikuwa amejiandaa kuumbuliwa, na jibu kali lilikuwa tayari mdomoni. Sasa itambidi alimeze, kisha aseme asante.