Nilimpima quarterback mzee kwa playoff, nikamvunja moyo Mzee Athumani

Wakuu, heshima kwenu. Kisa hiki sikiongezi chumvi, maana mkosaji ni mimi mwenyewe.

Niko Minnesota, New Hope, mwaka wa tisa. Ni mtu wa kuhesabu. Chenji naihesabu dukani, halafu naihesabu tena kwenye gari.

Mzee Athumani ni mtu wa Mombasa, anaishi Roseville. Harusi za Waswahili hapa, pilau karibu zote zilitoka mikononi mwake. Jumapili tulikuwa tunajazana kwake kuangalia American football na kunywa kahawa ya tangawizi.

Alimpenda quarterback mmoja mzee, yule anayerusha mpira na kuongoza timu. Magoti yamechoka, jina bado kubwa.

Mimi msimamo wangu ulikuwa mmoja: msimu wa kawaida ni mazoezi. Staa anapimwa kwenye playoff, zile mechi za mtoano. Ukishindwa, kalee wajukuu.

Januari hii akashindwa. Pasi yake ya mwisho ilidakwa na wapinzani. Nikasimama mbele ya TV kama mchambuzi wa kulipwa.

"Kwisha habari yake!"

"Wee bwana, mtu hahukumiwi kwa siku moja," akasema Mzee Athumani.

Nami kwa mdomo wangu huu: "Siku moja ndiyo kipimo, mzee wangu. Hata wewe, ile harusi ya Apple Valley ndiyo ilikuwa playoff yako, na pilau ukaiunguza."

Sebule nzima ikacheka. Mimi nikacheka kuwazidi.

"Hapana neno," akasema, akaanza kukusanya vikombe akavioshe. Vingine bado vilikuwa na kahawa.

Baada ya hapo nikasikia amekataa kupika harusi. Kisha nyingine. Masufuria akawapa vijana wa msikitini.

Nikairudia ile mechi. Wenzake walidondosha pasi tatu safi. Waliotakiwa kumkinga walikuwa wanapishana na adui kama wageni kwenye mlango wa ukumbi.

Ndipo nikaikumbuka vizuri ile harusi ya Apple Valley. Pilau ilikuwa tayari saa nane, kama kadi ilivyosema. Bwana harusi akafika saa kumi na nusu. Muda wote huo pilau iko kwenye moto mdogo, inasubiri.

Aliyemwendesha bwana harusi, wakuu, ni mimi. Nilizunguka maduka matatu nikibishania bei ya maua ya kupamba gari. Niliokoa dola kumi na mbili.

Mzee alijua. Hakunitaja siku ile, wala sebuleni kwake.

Nilienda kumwomba radhi. Akanipokea vizuri. Nikamwomba apike harusi ya binti yangu.

"Mkono umechoka, mwanangu. Nitakuja kula."

Akaja. Alikula pilau ya vijana, akawasifu mbele za watu. Pilau haikuwa na kosa lolote. Mimi sahani yangu nikairudisha imejaa.

Nilichojifunza: kabla hujamhukumu mtu kwa mechi yake moja mbaya, angalia nani alidondosha pasi. Huenda ni wewe.

Wa kunisema, semeni. Ila kama kuna aliyewahi kumrudisha mpishi jikoni baada ya kumvunjia heshima mbele za watu, aniambie alianzia wapi.