Kovu Lisilo na Jeraha

Miezi minne baada ya kumaliza chuo, nikiwa nyumbani mtaa wa Waberi nasubiri kuitwa kazini, kitu kiliniota kifuani, vidole vitatu chini ya shingo. Mwanzoni kilikuwa kama punje ya choroko. Kilipofika ukubwa wa harage, kigumu, king'aavu na chenye kuwasha, nilikuwa nimeshajizika mara kadhaa kichwani na kuchagua nani alie zaidi.

Daktari wa ngozi, mwanamke kutoka Machakos, alikibonyeza, akapapasa kingo zake.

"Uliumia lini hapa?"

"Sijaumia, daktari."

"Kuungua? Tetekuwanga? Chunusi?"

"Sikumbuki."

Akasema kinafanana sana na keloidi, kovu lisilojua kuacha kukua. Wapo wanaotokewa nalo bila jeraha wanalolikumbuka; pengine kipele kidogo tu kilitosha. Ila kuna uvimbe mwingine, wa nadra na mbaya, unaoweza kufanana nalo, na hakika ingepatikana kwa kukata kipande kipimwe. Shida ni kwamba kama ni keloidi kweli, kidonda cha kukata kingeifanya ikue zaidi.

"Mara nyingi hutembea kwenye familia," alisema. "Uliza nyumbani. Ukimpata mwenye nayo, nitaacha kukata kwanza. Usipompata, Jumatatu tunakata."

Mtu mwingine angeenda kuuliza. Mimi nilikwenda kuandika. Nilijaza kurasa mbili kwa majeraha yangu yote tangu utotoni: mwiba wa goti, chanjo ya bega, mbuzi aliyenipiga pembe mgongoni. Kifuani hakuna hata moja. Nikashuku pini ya hijabu, nikaacha kuitumia, na kwa siku mbili nilitembea nimeishika hijabu kwa mkono kama mtu anayeumwa jino.

Mama nilipomuuliza alikunja uso. "Kwetu hakuna ngozi mbovu," alisema, kana kwamba nimemsingizia wizi. Shangazi zangu nao hivyo hivyo. Kisha, bila kuniuliza, mama akampigia simu ayeeyo, yaani bibi yangu, mama yake mzazi, anayeishi Tarbaj. Akamsimulia yote, hata habari ya pini, na ayeeyo akasema anakuja.

Hapo ndipo hofu ikanishika sawasawa, kwa sababu ayeeyo hutibu kwa moto. Binamu yangu ana alama nne tumboni, mviringo kama vizibo vya soda, za siku macho yake yalipogeuka manjano. Daktari alikuwa ameniogopesha kwa kisu, na sasa chuma cha moto kilikuwa kimepanda basi.

Alifika Jumapili. Niliporudi kutoka dukani nilimkuta amechutama uani, anapuliza makaa. Nilikifunika kifua kwa mkono.

"Ayeeyo, tafadhali, usinichome."

Alinitazama kuanzia chini kwenda juu. "Nikutie chapa? Kwani wewe ni ngamia, naogopa utapotea? Nafukiza shuka langu. Basi lilinuka mbuzi." Akadondosha ubani kwenye chetezo. "Njoo nione."

Akanibonyeza kwa kidole gumba kama anavyokagua kiwele cha ngamia. Kisha akaangalia mlango, akateremsha shuka begani, akafungua kifungo kimoja. Chini ya shingo yake, vidole vitatu hivi, palikuwa na kitu kikubwa kama tende, king'aavu, chenye ncha zilizotambaa pembeni.

"Kilikuja chenyewe, nikiwa msichana," alisema. "Kilikuwa kidogo kama chako. Wakakichoma. Baada ya moto ndiyo kikawa hivi. Hiki chako usikichome wala usikikate."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Nani aliniuliza? Ngamia akizaliwa na mdomo uliopinda, hata mtoto atauliza mama yake ni nani, na bibi yake. Nyinyi mmesoma, mnauliza pini."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alisema hajawahi kukiona maishani mwake. Ayeeyo akamjibu kwamba hakukuwa na sababu ya kukitembeza mjini.

Jumatatu tulikwenda wawili. Ayeeyo hakungoja kuulizwa. "Daktari, hii kitu ya msichana ni ya mimi," alisema kwa Kiswahili chake, akaanza kufungua kifungo kabla pazia halijavutwa. Daktari alitazama kifua kimoja, akatazama kingine, akaweka kalamu chini akicheka.

"Basi hatukati," alisema. "Tutakichoma sindano ndani, kila mwezi, na tutakiangalia."

Sindano ya kwanza iliuma kuliko hofu yote ya wiki ile, na nilimshika ayeeyo mkono hadi akalalamikia pete yake. Leo, baada ya sindano tatu, kimeshuka, hakiwashi tena, na pini ya hijabu nimeirudisha mahali pake.

Siku ile tukirudi nyumbani nilimuuliza nini kingine nimekitoa kwake. Akahesabu: miguu mirefu, meno, kupenda chai yenye sukari nyingi.

"Na huu wasiwasi, ayeeyo?"

Aliinua shuka lake lisiguse vumbi.

"Huo hatuna," alisema. "Huo umeutoa chuo kikuu."