Jamu ya Mama na Nyuzi Mia na Tano

Harufu ya ibinyomoro, yale matunda mekundu yenye ganda chungu, yakichemka na sukari, ilikuwa ikinipokea tangu kona ya mwisho ya mtaa wetu wa Batsinda, jijini Kigali, nikitoka shule. Msimu ule wa mvua Mama alikuwa akipika jamu uani kwenye jiko la makaa, na mvuke wake ulikuwa mtamu kiasi cha kunata kwenye kope. Alikulia Tanzania, ndiyo maana nyumbani tuliongea Kiswahili. Jamu alijifunza mwenyewe: alidondosha tone kwenye sahani ya baridi, akalisukuma kwa kidole, na likikunjamana akaepua sufuria. Mwenye mgahawa mmoja wa Gisimenti aliionja akaipenda, akaomba chupa za kujaribu. Zikimridhisha, angenunua kila wiki, na Mama angeacha kufua nguo za watu.

Kwa hofu ya kuharibu, Mama alinunua kipimajoto chenye kikaratasi cha maelekezo: jamu huiva ikifika nyuzi mia na tano. Nilikisoma mimi, mtoto wa kuandika upya ukurasa mzima kwa ajili ya herufi moja iliyopinda. Siku ya kupika zile chupa za mgahawa, tone la Mama lilikunjamana mapema.

"Aline, mbona hii imeshaiva?"

"Bado, Mama. Iko mia tu."

"Una hakika?"

"Karatasi inasema mia na tano."

Akaweka sahani chini, akaongeza makaa. Wekundu ukageuka kahawia, na harufu ikawa ya sukari inayoungua. Jirani yetu, Mama Kevin, akachungulia juu ya ukuta. "Mama Aline, unapika jamu au lami? Usiimwage, tuitandaze barabarani!" Tukacheka, tukaendelea kungoja.

Kesho yake mwenye mgahawa alichomeka kijiko kwenye chupa, kikagoma kutoka. "Dada yangu, mimi nataka wateja waondoke na meno yao," alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomvunja Mama. Hakubishana. Njia nzima alisema jambo moja tu, kwamba mkono wake si wa biashara. Hakupika jamu tena. Chupa tupu zilizobaki alizigeuza za kuwekea chumvi na maharage, akarudi kwenye mabeseni ya nguo za watu.

Mimi nimejifunza kupika jamu ukubwani, kwa kusoma mtandaoni na kuunguza sufuria. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Kigali, kwa kuwa iko juu sana kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi mia, na jamu nayo huiva mapema. Ile mia ya siku ile ilikuwa inatosha kabisa. Kikaratasi kiliandikiwa watu wa nchi za chini, karibu na bahari. Badala ya kumwambia Mama papo hapo, nilipima tena na tena, nikitaka uhakika. Ndivyo nilivyo, na muda huo nao naujutia.

Jumapili moja nilimweleza. Alisukuma kikombe chake cha chai kando.

"Kwa hiyo sikuwa nimekosea?"

"Hukukosea, Mama."

Siku hizi jamu yangu huganda vizuri kila mara. Wageni wakiisifu mbele yake, Mama hudakia kwamba hata yeye angeweza. Husema hivyo akinitazama, kama mtu anayeuliza.