Mfagizi wa Lindi aliyetaka kusoma kozi zote

Kumepambazuka tu mjini Lindi na madarasa ya chuo bado yananuka chaki. Marietha Klementi anaingia la kwanza akiwa na ndoo na tambara bichi. Lakini hafuti ubao. Anasimama mbele yake, kichwa kakiinamisha kidogo, anasoma.

Darasa hili ni la uhasibu. “Mali, madeni, mtaji,” anajisomea taratibu. La pili lina mchoro wa bwawa la samaki. La tatu, mizizi ya mkorosho. La mwisho, ramani ya magofu ya Kilwa Kisiwani. Akishasoma, ndipo tambara linapopita.

“Siwezi kufuta kitu sijakisoma,” anasema. “Naona kama namwaga chakula hakijaonjwa.”

Marietha, mwenye umri wa miaka 34, ni mzaliwa wa Rondo. Alimaliza kidato cha nne, mama yake akaugua, na ndoto ya chuo ikawekwa kando. Aliposhuka Lindi kutafuta riziki, aliingia chuoni kwa mlango wa stoo ya mafagio.

Tangu hapo anaota kozi moja baada ya nyingine. Siku ya uhasibu hurudi nyumbani mtaa wa Mtanda akiwa mhasibu, hata salamu zake huwa za kiofisi. Siku ya malikale huongoza wageni katikati ya kuta za kale, akiwaeleza nani alilala chumba gani. Akifika mlangoni hukumbuka kwamba hajanunua mkaa.

Kila mwaka chuo hicho humpa mfanyakazi mmoja nafasi ya kusoma cheti jioni bila ada. Miaka yote Marietha aliogopa kuomba. Mwaka huu akajikaza, akaitwa kwenye usaili mbele ya walimu wakiongozwa na mratibu wa masomo, Mwalimu Saad.

“Dada Marietha, umechagua kozi gani?”

“Zote, mwalimu.”

Walimu walicheka. Mwenzao hakuwa anatania.

“Kwetu Rondo shimo moja tunatia mahindi, mbaazi na kunde,” anamweleza mwandishi wa makala haya, bado na aibu kidogo usoni. “Ukilima zao moja watu wanakusema. Nilidhani na masomo ni hivyohivyo.”

Mwalimu Saad alimpa hadi Jumatatu arudi na kozi moja. Asipokuwa nayo, nafasi ingekwenda kwa mlinzi, Hussen, ambaye hana shaka hata chembe: anataka uhasibu, basi.

Jioni ile Marietha alilia. Kuchagua kimoja, anasema, kulikuwa kama kuwafungia wengine wote mlango wakati bado wanakuita.

“Shikamoo bibi,” alimsalimu mama mwenye nyumba wake, Bi Kazija, anayepika vitumbua barazani.

“Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu?”

Aliposimuliwa, Bi Kazija hakuzunguka. “Mshika mawili moja humponyoka. Wewe umeshika mangapi?”

“Manne, bibi.”

“Basi na huyo mlinzi ana bahati kweli.”

Jumapili ikafika, Marietha bado hajui. Alikaa barazani na Nusaiba, mjukuu wa Bi Kazija, mtoto asiyechoka kuuliza. Kaa kwa nini anatembea upande? Vitumbua vikigawiwa watu watatu, kila mtu atapata vingapi? Mbegu inajuaje wapi ni juu? Nyumba za mawe kule Kilwa alijenga nani? Marietha alijibu moja baada ya jingine, mpaka uchovu wa wiki ukamtoka.

Bi Kazija akaacha kugeuza vitumbua. “Marietha, umeshamfanyia mtoto shule nzima, na kitumbua hakijaiva!”

Marietha akaenda kuichukua orodha ya kozi. Humo alikuwa akiruka ualimu wa awali kila mara, kwa kudhani ni kazi ya kuimba na kufuta kamasi.

Jumatatu, kabla Mwalimu Saad hajakaa vizuri, alikuwa mlangoni.

“Ualimu wa awali, mwalimu.”

“Una hakika?”

“Mwalimu wa watoto wadogo anafundisha hesabu, mimea, samaki na habari za wazee wetu. Siku hiyohiyo, darasa hilohilo.”

Mratibu alicheka, safari hii kwa namna nyingine. “Kwa hiyo umezichukua zote.”

Hussen alimpa mkono wa hongera, akaongeza kwamba mwakani asithubutu kuomba tena.

Masomo yanaanza mwezi ujao. Akihitimu, Marietha anataka kurudi Rondo, kijijini kwao, ambako watoto wadogo hushinda mashambani na mama zao kwa kukosa darasa la karibu. Ameshaliona darasa hilo: madirisha makubwa, mkeka, upepo wa mlimani ukipeperusha michoro ukutani.

“Nangoja siku mtoto aniulize kitu nisichokijua,” anasema, macho yake yako mbali. “Nitamshika mkono, nimwambie twende tukatafute.”