Ya Wadudu

Mama alipofariki sikulia. Watu wa kanisa walikuja, wakaimba, wakala, wakaondoka, na kesho yake nilirudi shambani Luzira kumwagilia bamia, maana jua lilikuwa kali na bamia haijui msiba. Usiniulize nilijisikiaje. Sikujisikia. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, lakini si wako.

Shamba lenyewe ni kipande tu kando ya kinamasi, tulichokodi na mama tulipotoka Uvira. Bamia ndiyo iliyotulisha, mimi na yeye na wanangu wawili. Lakini kuizunguka bamia yote mama alipanda mstari wa ngai-ngai, yale majani machachu tunayopika na samaki kwetu. Nilimwambia mara ngapi, mama, hapo pangetosha bamia nyingine! Yeye akaendelea kupanda tu. Nikasema basi, mzee amekumbuka kwao, mwache.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, ngai-ngai ilijaa mbawakawa. Ni wadogo, migongo ya buluu inayong'aa, na ukisogeza mkono wanaruka kama mafuta kwenye kikaango. Majani yalitobolewa yote. Kwenye bamia uliona tundu mojamoja tu.

Jirani yangu wa shamba, mama wa Kiganda mwenye bamia zake ng'ambo ya mfereji, alivuka akaja kusimama kando yangu.

"Nnyabo, toa hii," alisema. "Wadudu inatoka hapa. Itamaliza bamia yako, halafu inakuja kwa yangu."

"Ni ya mama."

"Mama yako mwenyewe aliniambia! Nilimuuliza, hii majani ni ya nini? Akasema, hii ni ya wadudu. Alijua, bambi, maskini."

Nami nikaona sawa. Ya wadudu, yaani yenye wadudu, inayoleta wadudu. Nguo za mama tulishazigawa. Kilichobaki cha mkono wake kilikuwa mstari ule. Ila mtu akikupa la kufanya wakati huna lako, unalifanya. Niling'oa yote asubuhi moja, kabla haijatoa hata mbegu, nikachoma. Nikangoja niumie. Wapi! Nikanawa mikono, nikaenda kupika.

Siku ya nne bamia ilikuwa imeliwa. Mbawakawa hawakuungua, waliruka wakahamia palipo karibu. Bamia na ngai-ngai ni ndugu, hata maua yao yanafanana, ningeliona hilo kama ningekuwa na macho siku zile. Miche michanga ilibaki mishipa mitupu.

Jirani alikuja mbio, vazi lake refu la gomesi kalikunja mkononi. Wadudu walikuwa wameshavuka mfereji.

"Lo! Iko mingi kuliko mwanzo!"

Nilichuchumaa kati ya mistari, na hapo ndipo neno la mama liliponiingia. Kwetu ukisema wali huu ni wa wageni, husemi una wageni ndani yake. Unasema wamewekewa wao, wengine wasiguse. Mama alikuwa amewapakulia. Msimu kwa msimu walikula sahani yao wakashiba, bamia ikapona, nasi tukala, na mimi miaka yote hiyo nikimhesabu mzee anayekumbuka kwao. Niliona aibu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona chochote tangu tumzike.

"Sasa tufanye nini?" jirani aliuliza.

"Tupande ngai-ngai tena, haraka."

"Mbegu iko wapi?"

Swali dogo tu. Nilisimama, nikageukia kibanda tunachowekea majembe, nikaita kwa sauti, "Mama! Mbegu ya ngai-ngai uliweka wapi?"

Jirani alinishika bega. Sikugeuka. Nilikuwa nasubiri anijibu.