Globu za Handakini

Kihamba cha ukweni kwangu, Marangu, lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kina handaki chini ya migomba. Mababu walilichimba wapate kujificha wakati wa vita vya machifu. Dari yake iko chini, hata mtoto anainama, na ukipita kona ya kwanza unatambaa. Sikulipenda tangu nilipoolewa pale. Ukiongea mle ndani sauti inakufia mdomoni, na unahisi kuna mtu amenyamaza ili akusikilize.

Kahawa ilipokosa bei, baba mkwe aliamua kuwatembeza watalii humo. Mwanzoni aliwamulikia kwa kibatari. Moshi ulijazana juu, watu wakakohoa, na kule mwisho, kwenye kachumba ka kugeuzia, moto ulisinyaa wenyewe bila upepo. Mama mmoja wa Kizungu alitoka analia. Mzee akasema basi, tunaweka umeme.

Fundi tuliyemwita alikataa. Alisema mle mna maji, waya upite kwenye bomba, holda za kushikia globu ziwe za plastiki, la sivyo watu watagonga globu kwa vichwa na mtazika mtu. Baba mkwe akamwona anajidai. Akashuka Moshi, akanunua waya wa kawaida na holda za shaba, akaunga mwenyewe kutoka plagi ya jikoni kwangu. Mume wangu alikuwa mlimani na wageni, kwa hiyo wa kushika tochi nikawa mimi.

Siku hiyo ilikuwa zamu yetu ya mgao wa umeme. Wa rika langu wanaujua ujinga wetu wa miaka ile: umeme ukikatika asubuhi, hurudi jua limezama, ukiwa na bahati. Kwa hiyo hakuna aliyehangaika na swichi. Uzime nini, wakati umeshazimwa na wenyewe?

"Baba, nichomoe plagi?" nilimwuliza.

"Ya nini, mama? Leo si mgao?"

Ningesema tena. Mdomo ninao, mwulize mume wangu. Lakini kwa baba mkwe? Kwetu mke wa mwana habishani na mkwe, hamsogelei, wala hampi mkono. Nikameza maneno, na maneno hayo niliyomeza ndiyo yaliyomuua. Nasema hivyo hivyo, sitafuti namna ya kulainisha.

Aliingia saa nane mchana, peku, maana gambuti zilimbana akitambaa. Globu nne alishazifunga. Ya tano ilikuwa ya kule kachumbani. Aligeuka, akalala ubavu kwenye tope, uso kwangu, waya mkononi. Mimi nilipiga magoti kwenye kona. Betri zilikuwa zinakwisha, nikawa naona paji la uso tu, na nikamsikia akihema.

Mara globu zikawaka, zote nne kwa mpigo. Jamani! Sikuwahi kuliona handaki lile. Mikwaruzo ya majembe ukutani, na alama za vidole za watu waliokufa zamani, mbichi kama za jana. Na kule mwisho baba mkwe, macho wazi, meno nje, anatikisa kichwa. Nikafurahi. Haki ya Mungu, nilifurahi.

"Hongera, baba! Zimewaka!"

Akatikisa kichwa. Nikajua ananiitikia, nikamwambia tena, hongera, baba. Akatikisa. Akaendelea kutikisa, kope hazipepesi, na ile globu ya karibu naye ikawa inapepesa kwa kumfuatisha. Hapo nikaelewa: umeme umemshika.

Nilitoka kinyumenyume, nikakimbia jikoni, nikaing'oa plagi pamoja na plasta ya ukuta. Nikarudi gizani, tochi sijui niliitupa wapi, napapasa tope huku mgongo unakwaruza dari, mpaka nikagusa nywele zake. Zilikuwa na joto bado. Nikamshika kwapani, mimi niliyekuwa simpi hata mkono, nikamburuta mpaka nje kwenye jua. Alikuwa ameshakwenda, waya umo mkononi.

Mume wangu alishuka mlimani siku ya tatu. Aliniuliza baba alisema nini mwisho. Nikamwambia hakusema kitu, na ni kweli.

"Na wewe ulimwambia nini?"

Nikamjibu nilimwita tu, baba, baba. Huo ni uongo, na nimelala nao kitanda kimoja na mwanawe miaka yote hii.