Mkate wa Moto Haukatwi

Kila mkate mwokaji aliupindua, akaugonga upande wa chini kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kana kwamba mna mtu ndani. "Wa moto haukatwi. Subiri upoe." Enzi sifa za mikate yake ya chachu zilipoenea mkoa mzima, wateja walisubiri; baadaye wakawa wanasonya na kwenda zao. Dada yake, muuzaji wa kaunta, alimsema mpaka akachoka, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Leo mwenye jengo kaja na kufuli, na mwokaji yumo tu, anagonga mkate wa mwisho.

"Kaka, jamani! Bekari imefungwa!"

"Bekari ndiyo. Huu ndani bado unaiva."

Mwenye jengo akacheka, akachukua kisu. Dada mtu akamnyang'anya.

"Wewe husikii? Subiri upoe!"